Jezi ya Arsenal ya mtumba, mzinga unaangalia kushoto. Nimeuziwa feki?

Kijana wa Buguruni

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya jezi na nembo, hasa Washika Mtutu (mashabiki wa Arsenal) wa siku nyingi.

Jumamosi asubuhi nilipita soko la Karume wanafungua belo, jua halijawa kali bado, nikaona mkono mweupe umechomoza kwenye rundo nikauvuta, kumbe ni jezi ya Arsenal nyekundu mikono myeupe, nembo ya Nike, kifuani imeandikwa JVC, mgongoni haina jina wala namba. Kitambaa kizito kidogo sio kama hizi za sasa zinazopitisha mwanga. Nimeichukua kwa elfu nane bila kuvutana sana maana niliipenda palepale.

Sasa jana nimeenda nayo kibanda umiza kuangalia mechi, jamaa mmoja akanishika kifuani akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Oya angalieni, huyu kavaa feki, mzinga umegeuzwa!" Akatoa simu akaweka nembo ya Arsenal pembeni ya kifua changu. Na kweli wakuu, kwenye simu mdomo wa mzinga unaelekea kulia kwa mtu anayeutazama, kwangu unaelekea kushoto. Halafu ya kwangu imejaa vitu vingi, jina la Arsenal limeandikwa kwa herufi za kizamani kama za Biblia kubwa za kanisani, chini kuna kingao kingine kidogo, na utepe wenye maneno yasiyo ya Kiingereza, VICTORIA CONCORDIA CRESCIT. Watu walicheka, nikakaa nayo hivyohivyo mpaka mechi ikaisha lakini sikuwa na raha.

Maswali yangu: hii ni feki kweli? Hayo maneno maana yake nini? Na kama sio feki kwanini mzinga uligeuzwa? Nawaomba majibu ya kueleweka, nimeumia.

---

Mzee wa Chumbageni

Mwanangu pole, na ondoa shaka, wewe umeokota dodo chini ya mwarobaini. Aliyekucheka anaijua Arsenal ya juzi tu.

Mzinga kuangalia kushoto ndio uliokuwa mzinga wa Arsenal kwa zaidi ya miaka 70. Uligeukia kushoto mwaka 1925 ukakaa hivyo mpaka 2002, ndipo ukageuzwa kulia kama unavyouona leo. Kwa hiyo babu zetu waliokuwa wanaishabikia Arsenal hawakuwahi kuuona huo wa kulia, isipokuwa ule wa mwanzo kabisa wa 1922 ambao nao ulielekea kulia, ukadumu misimu mitatu tu.

Na jezi yako hebu tuipigie hesabu. Nike walianza kuivalisha Arsenal 1994. JVC, wadhamini, walikaa kifuani tangu 1981 wakaondoka 1999, yakaja majina ya Dreamcast na Sega. Kwa hiyo jezi yenye Nike na JVC pamoja ni ya kati ya 1994 na 1999, haiwezi kuwa ya kabla wala ya baada. Ndani ya miaka hiyo amefika mshambuliaji Bergkamp, amefika kocha Wenger, na mwaka 1998 wamebeba ligi na kombe la FA kwa mpigo. Mzinga kwenye jezi ya miaka hiyo LAZIMA uangalie kushoto. Ungekuwa unaangalia kulia hapo ningekwambia umepigwa.

Hayo maneno ni Kilatini, maana yake ushindi hukua kutokana na mapatano, au tuseme watu wakielewana ushindi unakuja. Aliyeyatunga ni Harry Homer, alikuwa mhariri wa kile kijitabu kinachouzwa uwanjani siku ya mechi, aliyaandika Arsenal ilipobeba ubingwa wa 1948, na klabu ikayapenda ikayaweka kwenye nembo mpya mwaka 1949. Kile kingao kidogo cha chini ni nembo ya Islington, mtaa wa London ya kaskazini ulipo uwanja.

Nakumbuka nikiwa sekondari nilipata ukurasa wa gazeti la Kiingereza wenye nembo hiyo, nikawa naichora kwa biki kwenye jalada la daftari la jiografia. Mzinga nilikuwa naupatia, gurudumu na vijiti vyake vyote, yale maandishi ya kizamani nayo nikayaweza. Kile kingao cha Islington ndio kilinishinda, kila nikichora kinakuwa kama kiatu. Nembo ile ukiijua unaijua kwa mkono, sio kwa macho tu.

---

Fundi Darizi

Shikamoo mzee, umemaliza kila kitu kwenye hesabu ya miaka. Mimi nachangia upande wa kazi maana nadarizi nembo za jezi na sare za shule, nina mashine ya kichwa kimoja hapa Mwanza.

Kijana, geuza jezi ndani nje angalia nyuma ya nembo. Kama imedariziwa utaona nyuzi zimesongamana na kipande cha kitambaa kigumu kimebaki kwa nyuma, na rangi zinapobadilika utaona mikia ya nyuzi imekatwa. Kisha angalia maneno ya kwenye utepe. Feki nyingi nilizopitisha mkononi zinakufa hapohapo, herufi ndogo kama hizo zinavimba zinagusana, CONCORDIA inakuwa mstari tu wa uzi. Kama kwako unaweza kuisoma herufi kwa herufi basi mtu aliyeifanya alikuwa na mashine nzuri na hakuwa na haraka.

Hii ndio sababu nyingine mimi naielewa nembo ya 2002. Ile ya zamani ni ngumu jamani! Mteja aliwahi kuniletea nembo ya 1949 nimdarizie kwenye koti la arusi la mdogo wake, upana sentimita 7, nilirudia mara nne. Ya sasa ina ngao nyekundu, mzinga wa dhahabu, jina jeupe lenye herufi za kawaida na ukingo wa bluu, unaidarizi ukiwa unapiga stori. Ukiiweka ndogo kwenye kofia bado mtu anaijua akiwa ng'ambo ya barabara.

Ila sababu kubwa ya kubadilisha haikuwa uzi wala mashine, ilikuwa sheria. Nembo ya zamani ilikuwa imekusanya vitu vilivyotoka sehemu tofauti miaka tofauti, kingao cha Islington kwa mfano sio mali ya Arsenal, kwa hiyo klabu ilishindwa kupata hakimiliki ya mchoro mzima. Walikuwa wameisajili kama alama ya biashara, na walikuwa na kesi ndefu na muuzaji mmoja wa skafu na fulana nje ya uwanja, kesi ikafika hadi mahakama ya Ulaya ikarudi Uingereza, Arsenal wakashinda 2003 kwenye rufaa. Wakati kesi inaendelea wakaamua wachore nembo mpya ambayo kila mstari ni wao. Mimi kama fundi nayajua haya maana hata huku ukidarizi nembo ya shule ya watu bila ruhusa unaitwa ofisini.

Kufua: maji baridi, igeuze ndani nje, usiikamue kwenye nembo, pasi usiipitishe juu ya maandishi ya JVC hata kwa bahati mbaya.

---

Gunner wa Gikomba

Niaje watu wangu, niko Nairobi hapa. Hiyo jezi kama ni orijino usiiuze hata mtu akikuja na pesa ngapi, huku soko la Gikomba za JVC zikitoka kwa belo zinachukuliwa hata kabla zigonge chini, watu wanaziita vintage wanauziana online bei ya kukutoa machozi.

Mimi niko na swali yangu pia. Niliona ya zamani kabisa haina mzinga mmoja, iko na vitu vitatu zimesimama kama chimney za kiwanda. Hizo ni nini? Nimewahi ona mtu amechora hiyo kwa mat (matatu) ya kwetu Eastlands na nikadhani msanii amejitungia tu.

---

Dada wa Plumstead

Habari za huko nyumbani. Gunner wa Gikomba hilo swali lako nimelifurahia mno kwa sababu mimi naishi kusini mashariki mwa London, Woolwich naenda kwa miguu, na hizo sio chimni. Ni mizinga mitatu iliyosimamishwa, mdomo juu, kila mmoja una kichwa cha simba kwenye kitako chake. Zilitoka kwenye nembo ya mji wa Woolwich wenyewe, Arsenal wakaichukua 1888. Ila kila mtu anayeziona mara ya kwanza anasema chimni, hata mimi nilisema chimni.

Watu wengi huku hawajui kwamba Arsenal haikuzaliwa ilipo sasa. Ilizaliwa 1886 hapa Woolwich, upande wa pili wa mto Thames, na walioianzisha ni wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali, Royal Arsenal, kwenye karakana iliyoitwa Dial Square. Mechi yao ya kwanza Desemba 1886 walishinda 6-0. Jezi nyekundu walipewa na Nottingham Forest kwa sababu wenzao kadhaa walikuwa wamewahi kucheza huko na timu haikuwa na hela ya kununua. Mikono myeupe ilikuja baadaye sana, 1933, chini ya kocha Herbert Chapman, na ni huyohuyo aliyewashawishi wenye treni mwaka 1932 stesheni ya Gillespie Road iitwe Arsenal. Mpaka leo ukishuka pale jina la zamani, Gillespie Road, bado limeandikwa ukutani kwa vigae. Mimi kwa maoni yangu hakuna mtu aliyeijengea Arsenal sura yake kama Chapman, hata zaidi ya waliochora nembo.

Klabu ilihamia uwanja wa Highbury 1913, ikavuka mto kabisa, mwaka uliofuata ikaliacha na jina la Woolwich. Sasa fikiria, wameacha mji, wameacha jina la mji, mizinga mitatu ya mji nayo haina tena kwao. Wangeweza kuchukua kitu kingine chochote cha London ya kaskazini. Lakini walipotengeneza nembo tena 1922 wakarudi kwenye mzinga, mmoja, umelala kwenye magurudumu yake. Ule wa 1922 ulikuwa mnene mzito, wa 1925 mwembamba zaidi, ukageuzwa kushoto na pembeni yake maneno The Gunners, yaani Washika Mtutu.

Siku za mapumziko huwa napeleka wanangu pale palipokuwa kiwandani. Sasa hivi pamejaa nyumba za kupanga, lakini lango la Dial Square limebaki, la matofali, na ile saa ya jua juu yake iliyoipa karakana jina. Mwanangu wa kiume ana miaka 6, alipanda mzinga mmojawapo wa zamani uliowekwa pale akaniuliza, "Mama huu unaangalia wapi?" Nilicheka peke yangu maana ndio swali lenyewe la Kijana wa Buguruni.

---

Invincible_49

Mimi nitasema tofauti kidogo na naheshimu wazee wote humu. Mnaiongelea nembo ya 2002 kama vile ni ya wafanyabiashara tu. Kwetu sisi tuliozaliwa miaka ya 90 nembo hiyo ndio Arsenal. Msimu wa 2003/04, mechi 38, ushindi 26 sare 12, hakuna kufungwa hata moja, kifuani mdhamini O2 na mzinga unaangalia KULIA. Mshambuliaji Henry alipokuwa anateleza kwa magoti kule kwenye kibendera alikuwa na nembo hiyo. Nikiwa darasa la pili mjomba alikuja na jezi yake kutoka Muscat, nikalala nayo. Hamuwezi kuniambia hiyo haina historia.

---

Mzee wa Chumbageni

Mwanangu Invincible, umesema kweli na sikupingi, ile timu niliipenda kuliko zote nilizowahi kuziona.

Lakini naomba unielewe kinachoniuma. Sio mzinga kugeuka. Mzinga ulishageuka mara nyingi, dada kaeleza vizuri. Kinachoniuma ni kwamba mashabiki hawakuulizwa. Chama cha mashabiki kule Uingereza kililalamika kwamba klabu imeitupa historia na haikuwashirikisha watu, na mimi huku Tanga niliyekuwa nachora daftari sikuwa na pa kulalamikia, niliona tu siku moja kwenye gazeti nembo imekuwa nyingine. Na yale maneno ya Kilatini yaliondolewa yote, hata kipande hakikubaki. Mtu akibomoa nyumba ya baba yako akajenga nzuri zaidi, si angekuita kwanza?

Baadaye walijitahidi. Msimu wa 2011/12 klabu ilipotimiza miaka 125 waliweka nembo ya sherehe ambayo mimi naikubali sana. Nembo ya sasa katikati, upande mmoja majani 15 ya mwaloni, upande mwingine majani 15 ya loreli. Majani ya mwaloni ni kwa ajili ya wale waanzilishi 15 waliokutana kwenye baa ya Royal Oak (oak ndio mwaloni) kule Woolwich, na ya loreli yametoka kwenye mchoro wa sarafu ya peni sita, ambayo kila mmoja wao alitoa ili timu ianze. Peni sita kila mtu! Chini wakaandika 1886, Forward, 2011. Hapo kila jani lina kazi yake na ukiuliza unajibiwa.

---

Fundi Darizi

Hiyo ya 2011 nimeidarizi, majani 30 kila moja uzi wake lakini sikulalamika.

Halafu msisahau msimu wa 2024/25, nembo nzima iliondolewa kwenye jezi ukabaki mzinga peke yake. Vijana walikuja dukani wanasema wamebuni kitu kipya, nikawaambia hapana, rudini nyuma. Kuanzia 1967 mpaka mwisho wa miaka ya 80 jezi ya Arsenal ilikuwa na mzinga mtupu kifuani, nembo kamili ilikuwa inakaa kwenye vitabu na barua, kwenye jezi ikaja miaka ya 90. Ubingwa wa 1989 pale Anfield kwa Liverpool, 2-0, Michael Thomas anafunga dakika za mwisho kabisa, walivaa njano na kifuani mzinga tu. Kwa hiyo jezi ya Kijana wa Buguruni ni ya miaka ile ya mwanzoni nembo nzima ilipoanza kukaa kifuani, na ndio kizazi cha mwisho chenye mzinga wa kushoto. Ndio maana inatafutwa.

---

Gunner wa Gikomba

Wacha niongeze hapo kwa 2024/25. Ile away (jezi ya ugenini) nyeusi walifanya na Labrum, hiyo kampuni ya London ya Foday Dumbuya mwenye asili ya Sierra Leone, ilitengenezwa kwa heshima ya mashabiki wa Arsenal Afrika na Waafrika walioko ughaibuni. Nyeusi, zigizaga nyekundu na kijani pembeni, mzinga mmoja kifuani. Nilisimama nayo dukani dakika kumi sikuwa na pesa ya kununua nikairudisha kwa hanger nikaenda, nikarudi mwisho wa mwezi. Ndio jezi ya kwanza ya Arsenal nimewahi kununua mpya, zingine zote ni za mtumba. Kwa miaka yote hiyo sisi ndio tumekuwa tukitazama hiyo mzinga, ile siku niliona kama na yenyewe imetutazama.

Na asante dada wa Plumstead kwa hiyo ya chimney, nimemtumia dereva wa ile mat, amesema alikuwa anajua kitambo.

---

Kijana wa Buguruni

Wakuu nimesoma yote mara mbili, sijui niwashukuru vipi. Shikamoo mzee wangu wa Chumbageni, na dada asante sana, mbusu huyo mtoto.

Nimefanya alivyosema Fundi. Nimesogea dirishani nikaigeuza ndani nje. Nyuma ya nembo kuna kile kitambaa kigumu, cheupe kimeanza kuwa njano, na mikia ya nyuzi ipo, nyekundu na ya dhahabu, mmoja umelegea unaning'inia nimeuacha hivyohivyo sijaukata. Mbele nimesoma kwa tochi ya simu, V-I-C-T-O-R-I-A, kila herufi imesimama peke yake, CONCORDIA pia, kwenye CRESCIT herufi T ya mwisho imechubuka kidogo lakini inasomeka. Ndani ya kola kuna lebo na pembeni mtu aliandika kwa kalamu ya wino jina lake, wino umefifia, inaanza na D. Nadhani alikuwa mtoto wa shule huko alikokuwa maana hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaandika kwenye masweta yetu zisichanganywe.

Jina lake sitalifuta. Nimeifua kwa maji baridi, iko kwenye kamba, na Jumapili naenda nayo kibanda kilekile. Yule jamaa nitamwambia tu 1925 mpaka 2002.

---

Mzee wa Chumbageni

Mwambie na peni sita.